Nyumba ya Chuma, Upana wa Kiganja

Turku, mwezi wa pili. Saa mbili asubuhi na bado giza.
Nafungua maabara kwa bega, mlango umevimba.
Tangi liko pale pale, limefunikwa nailoni
kama mgonjwa asiyetakiwa kupigwa na upepo.

Wiki saba zilizopita lilikuwa uji.
Unga mweupe, maji, na mashine ikikoroga
mpaka ulimi usikute hata chembe moja.
(Nilionja. Eerikki alinicheka, kisha naye akaonja.)
Tukaweka sahani, tukaweka uzito juu ya uzito,
tukangoja. Maji yakachuja chini kwa tone,
tone moja kwa kikombe kimoja cha kahawa.
Udongo wa mfinyanzi hausukumwi. Unabembelezwa.
Bahari iliyokuwa hapa kabla ya mji
iliifanya kazi hii kwa maelfu ya miaka;
sisi tuna ruzuku inayokwisha mwezi wa tano.

Leo nachomeka kisu cha mabawa manne,
nakizungusha polepole, nasoma: nane.
Kilopaskali nane. Ukibonyeza kwa kidole gumba
kinaingia bila hodi.
Vitabu vinasema zidisha mara tano na kidogo,
hapo ndipo utakaposhindwa kubeba.
Hicho kidogo ndicho kinachotulipa mishahara.

Msingi wetu ni kipande cha chuma,
hauna nyumba juu yake, hauna mlango wala deni.
Eerikki anauita ikulu.
Tunaulaza juu ya udongo, hatuuchimbii chini,
mota inaushusha milimita moja kwa dakika,
na kamera inakodoa jicho kwenye kioo cha ubavuni
ambako nilichoma vitone vyeusi mia sita kwa sindano,
kimoja kimoja, siku mbili, shingo ikiniuma.

Mwanzoni hakuna kitu.
Kisha vitone vya chini ya chuma vinashuka pamoja,
kabari moja, kama waliokubaliana usiku,
na vya pembeni vinasogea
kama watu kwenye benchi wakimpisha mnene.
Mwaka wangu wa kwanza nilitega sikio nisikie mlio.
Udongo laini haulii kama mti.
Unakubali, unakubali,
halafu hauachi kukubali.

"Simamisha," anasema Eerikki. "Imeharibika."
Ikulu imeinama kushoto.
Tunapima: mzigo ulikuwa kando ya katikati
kwa milimita sita. Kosa langu, skrubu moja.
Ameshanyoosha mkono kwenye swichi.
Namwambia, acha.

Kwa sababu naijua ile inama.

Babu Armas alijenga Paimio, shamba la tope,
akalaza mawe mafupi, kwani nguzo zilikuwa ghali.
Kila Krismasi tuliweka gololi mlangoni.
Mwaka nilioanza shule ilifika kwenye meza.
Mwaka nilioolewa ilivuka chumba chote
ikagonga jiko la matofali, *ti*,
na mama akainama akaiokota, hakusema neno,
akaongeza karatasi nyingine chini ya mguu wa meza.
Mto unaivuta nyumba, walisema majirani.
Mto, mto. Miaka arobaini tumeulaumu mto.

Lile jiko lina uzito wa ng'ombe wanne
na limekaa kwenye pembe.

Namaliza jaribio hadi mwisho wa skrubu.
Kulia udongo hata haukutikisika;
kushoto umevimba, umeng'aa, umepasuka ukingoni.
Eerikki anaandika kwenye daftari: *halifai*.
Nafuta. Naandika: *mzigo kando, milimita sita*,
naweka na tarehe.

Jioni, udongo mweupe ungali chini ya kucha zangu,
nampigia mama. Ananisikiliza mpaka mwisho,
kitu ambacho si kawaida yake.
"Kwa hiyo ni jiko," anasema.
"Ni jiko, mama."
Kimya. Namsikia akifungua kijimlango cha chuma,
akitupia kuni.
"Basi liache," anasema. "Linaoka vizuri."